Sona yafichua makaburi ya baharini yanavyoporwa, lakini nani atayalinda?

MWEZI wa Novemba 2016, wapigambizi waliofika katika Bahari ya Java kujiandaa kwa kumbukumbu ya miaka 75 ya vita vilivyopiganwa huko walitarajia kuzikuta manowari za Uholanzi pale zilipokuwa zimelala tangu 1942. Picha zilizoletwa na mtambo wa sona hazikuwa za meli. Zilikuwa za mashimo: alama ndefu mchangani, zenye umbo na urefu wa meli, pasipo meli zenyewe.

Wizara ya Ulinzi ya Uholanzi ilitangaza kwamba De Ruyter na Java zilikuwa zimetoweka kabisa, na sehemu kubwa ya Kortenaer ilikuwa imeondolewa. Uchunguzi huo ulibaini pia kwamba manowari za Uingereza Exeter na Encounter zilikuwa zimeondolewa karibu zote, Electra ilikuwa imenyofolewa vipande, na nyambizi ya Marekani Perch haikuwepo tena.

Exeter pekee ilikuwa na urefu wa takriban mita 175. Chombo cha ukubwa huo si sindano inayoweza kuchukuliwa mfukoni usiku mmoja. Kukikata na kukipandisha juu kunahitaji kreni, mafuta, wafanyakazi, muda na, muhimu zaidi, mnunuzi anayesubiri bandarini.

Isitoshe, hivyo havikuwa vyuma vitupu. Mnamo Februari 27, 1942, kikosi cha pamoja cha Uholanzi, Uingereza, Marekani na Australia, kikiongozwa na Admeri Karel Doorman wa Uholanzi, kilijaribu kuwazuia Wajapani wasitue katika kisiwa cha Java. Kilishindwa vibaya. Doorman aliangamia pamoja na De Ruyter, na zaidi ya mabaharia 2,000 wakapoteza maisha. Wengi wao hawakuwa na kaburi jingine ila matumbo ya meli hizo.

Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo serikali nyingi, ikiwemo yetu, bado hazijalitafakari ipasavyo. Teknolojia ya kupiga picha kwa sauti imefikia kiwango ambapo ni machache yanayoweza kufichika chini ya bahari. Hata hivyo, kuona si kulinda. Picha isiyofuatwa na sheria, doria na ukaguzi wa masoko ya vyuma hugeuka kuwa cheti cha kifo, kinachotolewa baada ya mazishi kuporwa.

JICHO LINALOTUMIA SAUTI

Ili kuelewa uzito wa picha za Java, yafaa kufahamu jinsi sona inavyofanya kazi. Mwanga wa jua hufifia upesi majini, na chini ya mita 200 hivi giza hutanda. Mawimbi ya redio nayo humezwa na maji ya chumvi baada ya masafa mafupi. Sauti, kinyume chake, husafiri baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani.

Mtambo wa sona hutoa mlio, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini. Muda uliopita kati ya mlio na mwangwi ndio unaoeleza umbali. Kwenye kina cha mita 70, mwangwi hurudi kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwisha. Kwenye kina cha mita 4,000, husubiriwa kwa zaidi ya sekunde 5.

Kuna aina mbili zinazotumiwa sana kutafuta meli zilizozama. Ya kwanza hukokotwa kwa kebo nyuma ya chombo, ikimulika kwa sauti upande wa kulia na wa kushoto. Kitu kilichoinuka juu ya mchanga huzuia sauti na kuacha kivuli nyuma yake, na urefu wa kivuli hicho humwezesha mtaalamu kukadiria kimo cha kitu chenyewe. Shimo huonekana kinyume, kwani kivuli chake huangukia ule upande ulio karibu na mtambo. Ndiyo maana mtaalamu aliyezoea kusoma picha hizi halichanganyi kaburi tupu na meli iliyolala.

Aina ya pili hufungwa chini ya meli au kwenye roboti inayojiendesha majini. Hutoa miale mingi ya sauti kwa pamoja, iliyotandazwa kama upepeo, na kupima kina katika sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Vipimo hivyo vikiunganishwa na kompyuta, hutokea umbo kamili la sakafu ya bahari, pamoja na mizinga, milingoti na nyufa za meli.

Teknolojia hii ina mipaka yake. Sauti nyembamba huonyesha mambo madogo madogo lakini haifiki mbali, na sauti nzito hufika mbali lakini picha yake huwa na ukungu. Kwa hivyo, watafutaji huanza na sauti nzito kulichuja eneo kubwa, kisha husogea karibu kwa sauti nyembamba. Ni kazi ya subira na gharama kubwa. Hata kufikia katikati ya 2025, ni zaidi kidogo tu ya asilimia 27 ya sakafu ya bahari zote duniani iliyokuwa imepimwa kwa viwango vya kisasa.

FARAJA KWA WALIOFIWA

Manufaa ya kazi hii kwa familia hayawezi kupuuzwa. Manowari ya Australia, Sydney, ilizama Novemba 19, 1941 magharibi mwa nchi hiyo baada ya kupigana na meli ya Ujerumani, Kormoran. Mabaharia wote 645 waliokuwamo walikufa. Kwa kuwa hakusalia hata mmoja wa kusimulia, uvumi ulienea kwa miongo mingi. Wajerumani walionusurika walieleza mahali vita vilipotokea, lakini wengi nchini Australia hawakuwaamini.

Mnamo Machi 2008, sona iliyokokotwa na meli ya utafutaji ilizipata meli zote mbili, moja umbali wa kilomita zipatazo 22 kutoka kwa nyingine, katika kina cha takriban mita 2,500. Wajerumani wale walikuwa wamesema kweli. Kimya cha miaka 66 kikavunjika, na fununu nyingi zikakosa miguu ya kusimamia.

Vivyo hivyo, mnamo Aprili 2023, roboti yenye sona iliipata Montevideo Maru karibu na Ufilipino, katika kina cha zaidi ya mita 4,000. Meli hiyo ya Japani ilipigwa na nyambizi ya Marekani Julai 1, 1942. Ndani yake mlikuwa na wafungwa wapatao 1,000, wengi wao Waaustralia, ambao nahodha wa nyambizi hakujua kwamba wamo. Waliofadhili msako walitangaza kwamba hakuna kitakachoguswa wala kupandishwa. Jamaa walipewa mahali pa kuelekeza sala zao, na wafu wakaachwa wapumzike.

KINA NDICHO MLINZI

Kwa nini basi Montevideo Maru ibaki salama ilhali De Ruyter imetoweka? Jibu limo katika kina. Meli za Bahari ya Java zilikuwa kwenye maji ya mita 60 hadi 70 hivi, mahali ambapo kreni ya kawaida inaweza kufika. Manowari ya Marekani Samuel B. Roberts, iliyogunduliwa Juni 2022 katika kina cha mita 6,895 karibu na Ufilipino, haihitaji askari wa kuilinda. Bahari yenyewe imefunga mlango.

Waporaji wa meli zilizo karibu hutumia tishari lenye kreni kubwa. Huangusha kucha za chuma juu ya mabaki, huyavunja, kisha huyapandisha vipande vipande. Hakuna anayechagua kati ya bamba la chuma na mfupa wa binadamu.

Kinachowavutia ni faida. Propela za manowari zilitengenezwa kwa shaba, na ndani mna nyaya na mabomba ya madini hayo hayo yenye bei ya juu. Hutajwa pia kwamba chuma kilichoyeyushwa kabla ya 1945, yaani kabla ya milipuko ya nyuklia kuchafua hewa, hutafutwa kwa ajili ya vifaa vya kupimia mnururisho. Lakini hata bila sababu hiyo, uzito wa maelfu ya tani unatosha kuwa kishawishi.

De Ruyter na Java ziligunduliwa mwaka 2002, na Exeter mwaka 2007. Mshtuko ulikuja 2016. Katika kipindi cha miaka 14, meli zilizojulikana zilipo, zilizotajwa katika magazeti na kuombolezwa na mataifa tajiri, zilibebwa pasipo mtu kuuzuia mkono wa mwizi. Huo ndio ushahidi mkubwa kwamba ugunduzi peke yake si ulinzi.

MWIZI HUKAMATWA KWENYE MIZANI

Tukio la Malaysia linatoa funzo la pili. Mwezi wa Mei 2023, maafisa wa ulinzi wa pwani wa nchi hiyo walilizuia tishari la Kichina, Chuan Hong 68, kwa kutia nanga bila kibali, na ndani yake wakakuta vyuma vilivyooza na makombora ya mizinga. Ilishukiwa kwamba vilitoka kwenye manowari za Uingereza, Prince of Wales na Repulse, zilizozamishwa na ndege za Japani Desemba 10, 1941. Watu 842 walikufa katika meli hizo mbili. Makombora mengine ambayo hayakuwa yamelipuka yalipatikana katika uwanja wa vyuma chakavu nchi kavu.

Haikuwa sona iliyowashika. Walishikwa kwa sababu ya kibali cha nanga, na kwa sababu vyuma hivyo vililazimika kufika mahali, kupimwa na kuuzwa. Bahari ni pana, lakini mlango wa uwanja wa vyuma chakavu ni mwembamba.

Wakenya wanalijua funzo hili. Mnamo Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kukaa gizani, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisimamisha biashara ya vyuma chakavu hadi masharti mapya yalipowekwa. Hakuna serikali inayoweza kusimamisha askari chini ya kila mlingoti. Inachoweza ni kumuuliza mnunuzi: chuma hiki umekipata wapi? Swali hilo hilo likiulizwa kwa dhati katika bandari za Asia, tishari la waporaji litakosa pa kushushia shehena.

SHERIA INAYOSUBIRI UZEE

Sheria ya kimataifa nayo ina pengo. Mkataba wa Unesco kuhusu urithi ulio chini ya maji ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2009. Unalinda vitu vilivyokaa majini kwa angalau miaka 100. Maana yake ni kwamba meli za Vita Vikuu vya Kwanza tayari zimo ndani ya ua huo, lakini De Ruyter ingeingia mwaka 2042, na meli za mwisho za Vita Vikuu vya Pili mwaka 2045. Sheria inasubiri meli izeeke ilhali mwizi hasubiri.

Mataifa yenye majeshi makubwa ya majini hushikilia kwamba manowari iliyozama hubaki mali ya nchi iliyopeperusha bendera yake. Uingereza ina sheria ya 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi, na Marekani ina yake ya 2004. Lakini sheria iliyotungwa London au Washington haina mashua ya doria pwani ya Java. Mwenye mashua ni nchi ya karibu, na hiyo ina mambo yake.

Baadhi ya maafisa wa Indonesia walijibu mwaka 2016 kwamba Uholanzi haikuwahi kuwaomba wazilinde meli hizo, hivyo lawama haiwahusu. Jibu hilo lina uzito wake. Kwa nini nchi iliyotawaliwa na Uholanzi itumie pesa za walipakodi wake kulinda manowari za mkoloni, ambaye hata hodi hakupiga?

Hata hivyo, hoja hiyo ina upande wa pili. Miongoni mwa waliokufa katika meli za Uholanzi walikuwamo wenyeji wa visiwa hivyo hivyo, waliohudumu chini ya bendera ya mtawala. Kaburi la mkoloni lilikuwa pia kaburi la mtawaliwa. Na palipokuwa na maelewano, matunda yalionekana. Baada ya wataalamu wa Australia na Indonesia kuichunguza pamoja manowari Perth mwaka 2017 na kukuta imeporwa sehemu kubwa, Indonesia ililitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2018. Kilichobaki kikapata mlinzi mwenye mashua.

NA WAFU WETU?

Suala la mtawaliwa aliyezama chini ya bendera ya mtawala linatugusa moja kwa moja. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa njiani kwenda kupigana na Wajapani.

Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliyoitwa I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpedo. Meli ilizama chini ya dakika 3. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Nyambizi yenyewe iliangamizwa siku hiyo hiyo na manowari za Uingereza, Paladin na Petard.

Ni wachache shuleni wanaofundishwa jina la meli hiyo. Askari hao wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, lakini mnara si kaburi. Kaburi lao ni chuma kilicholala katika Bahari ya Hindi. Waaustralia walipoitafuta Montevideo Maru, walifanya hivyo kwa sababu jamaa waliendelea kuuliza. Jamaa wa askari wa Afrika Mashariki, waliotawanyika vijijini, hawajawahi kuwa na serikali inayouliza kwa niaba yao kwa sauti kama hiyo.

Ukanda wetu wenyewe una mabaki ya aina hii. Septemba 20, 1914, manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Uingereza katika bandari ya Unguja. Mwaka uliofuata, Königsberg ilizingirwa katika delta ya mto Rufiji, ikaharibiwa na wafanyakazi wake wenyewe Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa na kukokotwa kupigania nchi kavu, na mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus. Mwili wa meli uliendelea kunyofolewa na watafuta vyuma kwa miongo kadhaa, hadi ukaanguka na kumezwa na tope. Kwa hivyo, yaliyotokea Java si mageni kwetu. Yalitangulia Rufiji, pasipo kamera wala kelele.

Upande wa pili, mbele ya Fort Jesus hiyo hiyo, kuna mfano wa kuigwa. Manowari ya Ureno, Santo António de Tanna, ilizama hapo mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa na Waomani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa na wenzao wa kigeni waliichimbua kwa utaratibu, wakaandika kila kitu, na vilivyopatikana vikawekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuviona. Penye rekodi, hata kilichooza hakipotei.

HATUA ZINAZOHITAJIKA

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri mwaka 2045. Kwanza, mabaki yaliyo katika maji mafupi ya Afrika Mashariki yapigwe picha sasa, kabla hayajaguswa, kisha picha hizo zirudiwe kila baada ya muda. Picha moja hueleza kilichopo, na ni picha ya pili inayoeleza kilichoibwa.

Pili, mabandari na viwanja vya vyuma chakavu vihesabiwe kuwa sehemu ya ulinzi wa bahari. Tatu, nchi ambazo raia wake walikufa wakitumikia bendera za wengine zidai nafasi katika meza ya mazungumzo. Mwenye meli ni Uingereza, lakini wenye wafu wa Khedive Ismail ni pamoja na sisi, na haifai tusikie habari za kaburi hilo kwa mtu wa tatu.

Vyombo vya kuzipata na kuzipiga picha meli hizi vipo, na vinaendelea kuwa bora. Huko Java vilifanya kazi yake barabara: vilionyesha kila kitu, hata utupu. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa dhamana ya kuitazama picha kabla ya meli kuondoka, na mamlaka ya kumwambia mwenye tishari asimame. Hayo hayaletwi na mtambo. Huletwa na serikali zinazoamua kwamba aliyekufa kwa amri yao bado ana haki juu yao, hata kama amelala mahali ambapo macho hayafiki.